Kipindi cha Kushuka

Kamati iliamua mti wa mkungu wa shule ukatwe, na mkataji awe yeye.

"Mimi?" aliuliza Mama Majani. Ndivyo watoto walivyombatiza mtunza bustani wa shule miaka kumi na minne iliyopita, na walimu nao wakazoea. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mwalimu Mkuu, viatu mkononi kwa sababu vilikuwa na tope.

"Wewe, mama yangu. Kesho asubuhi. Msumeno upo stoo."

"Mwalimu, yule mtoto hakupanda. Alipandishwa."

Mwalimu Mkuu akainuka, akafunga mlango.

Wote wawili walikuwapo Jumamosi, siku ya wazazi. Mwenyekiti wa kamati alikuja na mwanawe wa darasa la kwanza, akataka picha. Akamnyanyua mtoto, akamkalisha kwenye tawi la pili, akarudi nyuma hatua tano na simu yake. "Cheka, baba! Onyesha meno!" Mama Majani alifungua mdomo aseme kwamba pale hapandishwi mtu. Mwalimu Mkuu akamkanyaga mguu kidogo. Akanyamaza. Mtoto akatazama chini, akaona mbali, akaanza kulia, akaachia. Mkono ukavunjika mahali pawili.

Mkungu ule matawi yake yalikaa ghorofa ghorofa, na kila Alhamisi, kipindi cha nje, watoto walipanda. Mama Majani alikuwa amepaka mistari mitatu ya chokaa kwenye shina, mmoja juu ya mwingine. Hakuna kusukumwa makalio, hakuna kuvutwa mkono: asiyeweza kujipandisha hawezi kujishusha. Na hakuna kuvuka mstari mpaka umeshuka kutoka ulipo mara tatu, peke yako, bila kumwita mama.

"Kupanda hata paka anajua," aliwaambia. "Halafu anakaa juu analia. Mimi nionyesheni kushuka."

"Na wewe ukizeeka utashukaje?" mmoja aliuliza.

"Kama nazi. Tena mkae mbali."

Miaka kumi na minne, hakuna aliyeng'oka hata ukucha.

"Ukweli naujua," Mwalimu Mkuu alisema kwa sauti ya chini. "Lakini mwenyekiti ndiye anayetujengea vyoo. Nisimame mbele ya watu niseme ni yeye? Mwenye nguvu mpishe, mama."

"Basi nifukuzeni mimi, mti muuache."

"Tukikufukuza nani atafagia?"

Mama Majani akahamisha viatu mkono wa pili. "Leo Alhamisi. Nipe kipindi cha leo tu. Kuna mtoto amebakiza mara moja."

"Kamba imeshafungwa kuuzunguka. Hakuna mtoto atakayesogea."

Mtoto mwenyewe alikuwa msichana wa darasa la tatu, wenzake walimwita Kimya. Miaka miwili hakumjibu mwalimu hata salamu, mpaka walimu wakaanza kusema kichwa chake hakiko sawa. Muhula huu alifika mstari wa pili, na huko juu, pasipo kuulizwa, akasema: "Naona bati la kwetu. Mama ameanika shuka." Mama Majani hakumsifu, asije akamshtua. Alisema tu, "Shuka gani?" Wakaendelea hivyo. Alishuka mara ya kwanza, akashuka mara ya pili. Wiki iliyopita, jina lake lilipoitwa darasani, aliitika "Nipo," na darasa zima likageuka kutazama nani huyo.

Ijumaa asubuhi Mama Majani alianza na matawi ya juu. Madirisha ya madarasa yalijaa nyuso. Alipokaribia mstari wa pili, Kimya alikuja. Alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Nimebakiza mara moja," alisema.

"Najua, mwanangu."

"Nitapanda haraka. Hawataniona."

Mama Majani alitazama madirisha. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama barazani, mikono nyuma.

"Rudi darasani."

"Wewe ndiye uliyesema mara tatu."

"Nilisema. Rudi darasani, mama, utanitia matatani."

Mtoto alisimama kidogo, akiangalia unga wa mbao miguuni pake. Kisha akarudi, na chooni hakupita.

Kazi ilichukua saa tano. Ilitoka mizigo kumi na mmoja ya kuni, ikapelekwa jikoni, na magunia sita ya majani. Kipindi cha nje kilipewa somo la hesabu, Alhamisi zote zilizobaki za mwaka, ishirini na mbili. Mwenyekiti alituma salamu. Wiki iliyofuata Mama Majani alifagia nje ya dirisha la darasa la tatu kila asubuhi wakati wa kuita majina. Jumatatu Kimya alinyoosha mkono tu. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku tano, na mwalimu aliweka alama ya kuwapo bila kuinua macho.