Ziwa la Kuagiza

Mwalimu alikatwa titi la kulia mwezi wa tatu, na mwezi wa tano alikuwa amesimama tena mbele ya ubao, darasa la sita, somo la hesabu. Upande uliobaki mtupu alikuwa akiuwekea soksi ya mumewe aliyoijaza mchele na kuishona mdomo kwa uzi mweusi. Mchele una uzito, na bila uzito bega la kulia lilikuwa linapanda lenyewe kama mtu anayesema sijui.

Soksi ilivumilia wiki sita. Siku moja akiwa amenyoosha mkono kuandika juu kabisa ya ubao, mshono ukaachia. Punje zikaanza kudondoka, chache chache, zikipita ndani ya blauzi na kutokea chini kwenye viatu vyake. Hakusikia kitu. Aliyemwambia ni mtoto wa dawati la mbele, kwa adabu kabisa, mkono juu:

"Mwalimu, unamwaga mchele."

Darasa halikucheka papo hapo. Lilisubiri ageuke. Kufikia mapumziko alikuwa ameshapewa jina, Ghala, na kufikia Ijumaa jina lilikuwa limevuka mlango wa ofisi ya walimu. "Leo zamu ya nani?" "Ya Ghala." Wakamwona amesimama hapo, wakafungua madaftari.

Ndipo alipoanza kutafuta mtandaoni. Nchini kwake hakupata duka hata moja lililouza kitu anachotaka. Nchi jirani lilikuwepo. Ziwa bandia, la silikoni, laini, lenye rangi ya ngozi, la kulia au la kushoto, elfu themanini. Alilitazama kwenye simu kwa siku nne. Siku ya tano akabonyeza "nunua", na ukurasa ukaongeza mstari mmoja chini: usafirishaji, laki moja na elfu thelathini.

Akadhani wamekosea sifuri. Akawaandikia.

"Habari. Mbona nauli inazidi bei ya kitu chenyewe?"

"Habari mpendwa mteja. Mzigo unatoka stoo yetu unaenda uwanja wa ndege wa mji mkuu wetu, unashuka mji mkuu wenu, kisha unaletwa ulipo kwa gari."

"Lakini mpaka uko hapa nyuma ya shule. Naona mnara wenu wa simu."

Hakutia chumvi. Ule mnara ulionekana kutoka kwenye kilima cha uwanja wa mpira, na mara nyingi simu za walimu ziliudaka zikawakata salio bila kuwauliza.

"Tunakuelewa sana, mpendwa mteja," wakajibu, wakaweka na picha ya ua.

Akauliza kama anaweza kuja kulichukua mwenyewe. Wakasema wao hawana duka la kuingia mtu. Akauliza kama wanaweza kumpa dereva wa basi. Wakasema hawafanyi kazi na mabasi. Mwishoni wakanyamaza.

Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno machache na redio kubwa. Jioni, mezani, akamweleza.

"Ziwa la nini, mama watoto?" mume akasema. "Watoto wote wameshaacha kunyonya."

Akacheka mwenyewe. Mwalimu hakucheka.

"Kwani mimi nimelalamika?" mume akauliza.

"Hujalalamika. Unalala umegeukia ukutani."

"Mgongo unaniuma."

Akainuka kwenda kuongeza sauti ya redio.

Themanini Mwalimu alikuwa nazo. Za nauli hakuwa nazo, akaenda kwa mdogo wake wa kufuatana, Mama Pacha, mwenye duka la vitambaa lenye milango miwili na kiti cha kuzunguka. Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono, macho yakamlenga machozi. "Dada, damu nzito kuliko maji," akasema, na pale pale akatoa simu akazituma laki na thelathini zote. Mwalimu alirudi nyumbani akitembea kwa miguu, kwa furaha tu.

Alipofika simu yake ilikuwa inatetemeka mfululizo. Kwenye kundi la ukoo, lenye watu arobaini na watatu, Mama Pacha alikuwa ameweka picha ya ule muamala na maneno haya: *Nimemlipia dada nauli ya ziwa. Ndugu zangu tusichoke kutoa.*

Baba yao mdogo akauliza, *Ziwa gani tena hilo? Lina samaki?*

Binamu akaweka sura tano zinazolia kwa kicheko. Mwingine akauliza litafunguliwa lini bwawa la kuogelea. Mke wa kaka yao akaandika, *Kumbe ndiyo maana wifi siku hizi hakumbatiwi.*

Mwalimu akapiga simu. "Mbona umenifanyia hivi?"

"Nimekufanyia nini, Dada?" Mama Pacha alishangaa kweli, sauti yake ilikuwa safi kabisa. "Nimetoa laki na thelathini. Wenzako wanasimangwa bila kupewa."

Kesho yake mume alirudi na kisanduku chake cha vifaa, akakiweka chini kwa kishindo. "Nimefungua friji ya mtu leo," akasema. "Mwenye friji ananiuliza, fundi, ziwa limefika? Mtu ambaye hata sijui jina lake!" Wiki hiyo akahamishia godoro sebuleni. Mgongo, alisema.

Mzigo ulifika baada ya siku ishirini na mbili. Ofisi ya vifurushi ilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ndefu, mizani, feni ya mezani na benchi la kusubiria lililojaa watu. Karani alikuwa amepandisha miwani utosini. Akalichukua boksi, akasoma karatasi, akasoma tena.

"Ziwa bandia. Ndiyo nini hiyo?"

Mwalimu akasogea karibu, akamweleza kwa sauti ya chini.

"Ongea juu, mama. Hapa kuna feni."

"Ni... ni kifaa. Cha kuvaa."

Karani akapitisha wembe kwenye gundi, akafungua, akalitoa. Lilikuwa zuri, Mwalimu aliliona kwa mara ya kwanza hivyo hivyo, mikononi mwa mtu mwingine. Karani akalibonyeza kwa kidole gumba, likarudi. Akalibonyeza tena. Halafu akaliweka juu ya mizani, chuchu juu.

"Gramu mia saba na ishirini," akatangaza.

Kwenye benchi mtu akakohoa kuficha kicheko. Mwingine, mama mwenye mtoto darasa la sita, akainuka nusu kwa heshima. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," Mwalimu akajibu.

"Urembo," karani akasema akiandika. "Ushuru tunapiga kwenye bei ya kitu pamoja na nauli yake. Elfu sitini."

"Nilipe ushuru wa nauli?"

"Ndiyo utaratibu."

"Na siyo urembo. Nilikatwa. Ni kifaa cha hospitali."

Karani akateremsha miwani kutoka utosini mpaka puani, akamtazama kifuani taratibu, kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto. Soksi mpya ilikuwa imekaa vizuri siku ile.

"Nani ajue umekatwa? Mimi hapa namwona mama mwenye maziwa mawili."

Benchi zima likaachia kicheko. Hata yule mama wa darasa la sita, akiwa ameinamisha kichwa.

"Lete barua ya daktari," karani akasema, akilirudisha ndani ya boksi. "Anayefuata nani?"

Daktari aliyemkata alikuwa kwenye semina. Mwalimu alikwenda hospitali akaambiwa arudi baada ya wiki. Aliporudi, barua ilikuwa na mhuri lakini haina sahihi, akakaa mpaka saa tisa kuisubiri sahihi. Alipoifikisha kaunta ilikuwa siku ya tisa, na karani akaisoma kwa makini, akakubali kila neno.

"Safi. Kifaa cha hospitali hakina ushuru. Utalipa elfu kumi ya kushughulikia, na ya kutunza, elfu tano kila siku, siku tisa." Akapiga hesabu kwenye simu. "Hamsini na tano. Umeokoa elfu tano, mama. Wengi hawaokoi."

Nauli za hospitali peke yake zilikuwa elfu nane. Mwalimu wa hesabu alilipa, akasaini, akaondoka.

Nyumbani alijifungia chumbani. Aliifumua soksi, akaitupa, akanawa kifua kwa maji ya vuguvugu, akajikausha, akafungua boksi. Lile ziwa lilikuwa na umbo la tone la maji, na juu lilikuwa na mkia mwembamba wa kupandia kwapani. Akaliingiza kwenye sidiria. Mkia ukaelekea katikati ya kifua. Akaligeuza, chuchu ikatazama dari. Akalirudisha. Mwisho akachukua boksi akalisoma kwenye mwanga wa dirisha, na pembeni, kwa maandishi madogo, akaona: *Kushoto*.

Agizo lake lilikuwa bado lipo kwenye simu. Aliandika kulia. Aliwatumia picha zote mbili.

"Pole sana, mpendwa mteja. Ni kosa letu. Tafadhali rudisha bidhaa, tukishaihakiki tutakutumia la kulia. Gharama ya kurudisha ni juu ya mteja. Kutoka kwako ni laki moja na elfu sitini."

"Mbona kurudi kunazidi kuja?"

"Huko hakuna mizigo mingi ya kuja huku, mpendwa mteja. Kwa usumbufu, tunakupa punguzo la asilimia kumi kwenye manunuzi yako yajayo. Nauli haihusiki."

Jumatatu alilivaa hivyo hivyo. Mkia ulisukuma blauzi katikati, kati ya kifungo cha pili na cha tatu, kama kitu kinachotaka kuchungulia. Alipandisha kola, akaweka skafu, akafundisha amekumbatia daftari. Kipindi cha pili hakijaisha, akasikia kutoka nyuma, siyo kwa kunong'ona sana: "Ghala limehamisha mlango."

Akarudia soksi.

Mwezi uliofuata ilikuwa siku yake ya kliniki. Wanawake walipangana kwenye korido, kila mmoja na namba yake, na kando ya Mwalimu alikaa muuza mboga mmoja, mwembamba, mcheshi, vidole vyake vimeingia weusi wa kumenya ndizi. Kushoto kwa gauni lake palikuwa pametuna kitambaa kilichokunjwa.

"Mimi la kushoto," akasema bila kuulizwa. "Wewe?"

"Kulia."

"Basi tukiungana tunapata mtu mmoja mzima." Akacheka, na Mwalimu, ambaye alikuwa hajacheka siku nyingi, akacheka naye. Wakazungumza. Muuza mboga akasema wateja wanampa hela huku wanaangalia pale. Akasema mumewe alishaondoka, na hilo lilikuwa nafuu, alikuwa anakula sana.

"Ninalo la kushoto," Mwalimu akasema. "La silikoni. Nimelibeba hapa, nataka kumwuliza daktari kama linaweza kugeuzwa."

Yule mwanamke akamsogelea. "Naomba nilione, dada yangu. Kulitazama tu."

Wakaingia choo cha wanawake, kilikuwa na kioo kilichopasuka pembe moja. Muuza mboga akatoa kitambaa chake, akaliweka. Mkia ukapanda kwapani ukalala pale kama ulizaliwa naye. Akashusha gauni, akasimama. Bega lake lililokuwa limekengeuka likakaa sawa. Akajigeuza upande, akajigeuza upande mwingine, akaruka kidogo kuona kama litadondoka. Halikudondoka.

"Ee Mungu wangu," akasema kwa kioo. "Nimerudi."

Mwalimu alikuwa nyuma yake, kwenye kioo hicho hicho, bega moja bado limepanda kidogo, hata na soksi.

"Unaliuza?"

"Ndiyo."

"Kiasi gani?"

"Laki mbili na elfu sabini na tatu."

Muuza mboga akageuka. Risiti ilikuwa ndani ya boksi lililo wazi kwenye sinki, akaiinua. "Hapa pameandikwa elfu themanini."

"Hiyo ni bei ya kule. Wewe uko huku."

Akamhesabia: nauli, kutunza, kushughulikia, mabasi ya hospitali. Alihesabu taratibu kwa vidole, kama anavyowahesabia watoto wazito.

"Ninazo tisini," muuza mboga akasema. "Ninazo hapa, kwenye pochi. Ni za dawa, lakini nakupa leo, dawa nitajua mbele."

"Hapana."

"Nikuletee laki, wiki ijayo."

"Hapana."

"Lakini wewe huwezi kulivaa."

"Siwezi."

"Sasa utalifanyia nini?"

"Nitakaa nalo."

Maneno yalimtoka kirahisi, naye mwenyewe akayasikia. Alijua tisini ni bora kuliko boksi kabatini. Alijua pia kwamba tangu mwezi wa tatu hii ndiyo mara ya kwanza mtu mwingine alikuwa akiomba, na yeye ndiye anayekataa, na hakutaka iishe haraka.

"Wewe una roho ya namna gani?" muuza mboga akauliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Nje nesi akaita namba kumi na nne, akaita tena. Ilikuwa namba ya muuza mboga. Akaingiza mkono ndani ya gauni, akalitoa, akalifuta kwa kitambaa chake, akampa kwa mikono miwili, halafu akaanza kukikunja kile kitambaa upya. Mikunjo haikuwa inakaa.

Mwalimu hakungoja daktari. Alipita kwenye korido, akashuka ngazi, akatoka getini. Barabarani, akisubiri basi, aliingiza mkono kwenye mkoba kutafuta nauli, akaligusa. Lilikuwa bado lina joto la mwili wa yule mwanamke. Basi la kwanza likapita, na la pili, naye mkono wake umebaki humo mpaka ziwa likapoa.