Mtaro wa Kilimani

Mto ulipofurika na kuzoa nyumba zao kule Kasenga, Capitoline ndiye aliyemvuta Libérate kutoka kwenye maji ya matope, akamkokota kwa mkono mmoja mpaka ukuta wa kanisa. Baada ya hapo walilala chini ya turubai moja, wakapika kwenye sufuria moja. Hakuna aliyekuwa na kitu, na Capitoline alimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Kisha wakagawiwa viwanja kilimani, kwa kura. Libérate akapata cha kona, wanapopita watu wote wakienda kuchota maji. Capitoline akapata cha nyuma. Haukupita muda, Libérate akaweka meza ya mandazi, akaezeka mabati, akaanza kuitwa Mama Kona. Capitoline alisikia wateja wakicheka huku yeye anapalilia viazi, na kila kicheko kilimchoma. Mtu niliyemtoa majini mimi, aliwaza.

Mvua zilipokaribia, Frédéric, mkubwa wa kamati ya wakazi, aliwakusanya. Ulitakiwa mtaro wa kuteremsha maji, mlima usije ukawamwagikia. "Nani aliona maji ya mvua ile kubwa, ile iliyotukuta tumeshahamia hapa, yalipita wapi?"

Yalikuwa yamepita katikati ya viazi vya Capitoline. Siku hiyo Libérate alikuwa sokoni Bwegera akinunua mchele, na wengine walijifungia ndani. Capitoline akanyoosha kidole kwenye kona. "Pale, penye meza."

Frédéric akamgeukia Libérate. "Meza itaondoka, na jiko pia. Weye unasemaje, mama?"

Libérate aliitazama meza yake. "Kama Capitoline aliona, basi iko vile. Huyu alinitoa kwenye maji. Hawezi kunidanganya juu ya maji." Akaanza kubeba sufuria zake.

Capitoline alitamani mwenzake abishe, hata atukane, apate sababu ya kumchukia. Hakuipata. Wanaume walipoinua majembe, akawazuia kwa mkono.

"Ngojeni," alisema. "Yalipita kwangu."

"Ulikuwa umesahau?" Frédéric akauliza.

"Sikusahau."

Libérate alimtazama, akaelewa, akaitua sufuria chini polepole. Capitoline akaenda kwenye viazi vyake, akapiga jembe la kwanza mwenyewe. Baadaye alisikia jembe jingine kando yake. Libérate alichimba mpaka jioni bila kumsemesha.

Mvua ilipokuja, maji yalishuka mtaroni na hakuna nyumba iliyoguswa. Asubuhi Capitoline akaenda kununua mandazi.

"Viazi vimebaki?" Libérate akauliza, macho yakiwa kwenye mafuta.

"Matuta mawili."

"Nitakuletea mbegu."

"Asante, dada." Aliitikia kwa moyo mmoja. Lakini alipoinua macho na kuyaona yale mabati yaking'aa, roho ilimuuma tena.