Katapila Lililoendeshwa kwa Mdomo

Kila asubuhi saa moja na nusu Onema alitia sahihi kwenye daftari la karakana ya barabara pale Alunguli, akavaa kofia ngumu, akapanda juu ya katapila lisilo na injini. Injini iliondoka mwaka 1998, vita vilipoingia mjini Kindu, na karatasi ya ofisi inasema ilichukuliwa na askari ambao hawakuacha majina. Dereva hakuondoka. Hakuna aliyemwandikia barua ya kustaafu, naye si mtu wa kutoroka kazi. Basi alikaa kitini, akashika vyuma vya kuongozea, akanguruma kwa mdomo mpaka saa tisa. Mzee mzima wa miaka sitini na minne! Lakini asiyewahi kusukuma kilima cha udongo kwa vidole viwili hajui utamu aliopoteza Onema.

Jumatatu moja ya Novemba aliipata sauti yenyewe, ile ya gia ya pili, na katapila likaenda. Likabomoa choo cha ofisi. Sudi, mlinzi, akafungua lango.

Onema alijua pa kwenda. Binti yake Falone alikuwa na mimba ya miezi tisa katika kijiji cha kilomita sita kutoka pale, na njia yake ilikuwa tope la kumeza pikipiki. Mimba ya kwanza iliishia humo humo topeni, miaka miwili nyuma. Onema aliilia, na alikuwa hajamaliza.

Tatizo lilikuwa salamu. Alunguli salamu si neno moja: utaulizwa nyumba, mke, shamba, mbuzi, na shangazi wa Kibombo anayeumwa mguu. Kila Onema alipoacha kunguruma ili ajibu, katapila lilizima. Siku ya kwanza alifungua mita arobaini. Jioni watu wakagundua jambo jingine. Onema akinguruma, mashine ya kupasulia mbao uani kwa shefu Ilunga, mkubwa wa karakana, inanyamaza; Onema akisalimia, inawaka. Wakati wa vita Ilunga alikuwa mtunza stoo. Za mwizi ni arobaini, lakini hizi zilikuwa zimefika miaka ishirini na sita. Majirani walitazamana, wakasema angalau sasa watoto watalala mchana.

Siku ya pili mkewe Odile akatangulia mbele ya katapila, akijibu salamu kwa niaba yake.

"Nyumba iko muzuri! Mbuzi iko! Mutamusamehe, kinywa yake iko na kazi!"

Nyuma yake udongo ulijikunja, miti ikalala, kifua cha Onema kikatetemeka. Alikuwa na furaha nyingi kupita kiasi, kwa mtu aliyekwenda kuokoa mtoto.

Siku ya tano akafika, uchungu umeshaanza. Wakampandisha Falone nyuma ya kiti, wakageuka kurudi Alunguli, kwenye kituo cha afya. Ilipobaki kilomita moja, Ilunga alikuwa amesimama katikati ya njia, kofia mkononi, mpole ajabu.

"Jambo, Papa Onema. Nyumba iko namna gani?"

"Iko muzuri, shefu," Odile akajibu.

"Sikukuuliza wewe, mama. Na watoto, Papa Onema?"

Onema alikuwa hajamnyima mtu salamu maishani mwake. Midomo ikaanza kulegea. Katapila likapunguza mwendo. Falone akamshika sikio.

"Papa, usimujibu! Nguruma!"

Onema akanguruma gia ya tatu. Ilunga akarukia mtaroni. Saa nane mchana, kituoni, akazaliwa mtoto wa kike wa kilo tatu na nusu.

Baada ya siku tatu ikaja barua ya kuomba maelezo, yenye mihuri miwili. Iliuliza kwa nini mfanyakazi alikataa kumsalimia mkubwa wake mbele ya watu. Choo hakikutajwa. Injini pia haikutajwa. Onema akaandika, kwa heshima zote, kwamba mdomo ulikuwa kazini. Akakatazwa kulikanyaga katapila tena, kwa utovu wa adabu.

Wiki iliyofuata mtoto alihitaji kitanda, na mbao zilipatikana kwa Ilunga tu. Onema na Odile wakaenda.

"Jambo, Papa Onema. Mutoto iko muzuri?"

"Iko muzuri, shefu," Onema akasema. Akamwuliza naye habari za nyumbani, moja baada ya nyingine, kama adabu inavyotaka. Na kadiri alivyosalimia, ndivyo mashine ilivyozidi kupasua mbao.