Mtu Aliyechanika Suruali Hapandi Ngazi

Wewe mwenye mtoto aliyemaliza chuo juzi, ukisikia amechaguliwa kwenye ule mpango wa wahitimu, wa kuwapeleka vijana mwaka mzima katika ofisi za umma wakafanye utafiti na kuwashauri wakubwa, furahi, mshukuru Mungu, halafu kaa mbali. Mimi sikukaa mbali. Mimi nilimbebea kiti.

Kazi yangu ni ushonaji. Cherehani yangu iko kwenye kibaraza cha maduka, kando ya barabara, mkabala na duka la dawa, na nipo hapo tangu huyu binti yangu analala kwenye kapu la vipande vya vitambaa chini ya meza. Washonaji tuko wengi, lakini wa kuwajua ni wawili. Kulia kwangu anakaa mwanamke tunayemwita Bobini, kwa sababu ni mdogo, anazunguka, na uzi wa maneno yake haukatiki mpaka uishe wenyewe. Mwisho kabisa, penye nguzo, anakaa Mzee Pindo. Yeye hashoni nguo mpya. Anakunja pindo, anatia zipu, anaziba palipochanika, na kwa hayo hana mpinzani.

Binti alikuwa amekaa nyumbani zaidi ya mwaka na shahada yake ya mipango miji. Kila anayepita ananiuliza, "Bado?" kama vile nimeinjika maharage. Ndiyo maana alipochaguliwa sikuweza kunyamaza. Nilimwambia Bobini kabla hata sijafunua cherehani.

"Ameajiriwa?" akauliza.

"Hapana. Yuko kwenye mpango."

"Wa uzazi?"

"Wa serikali. Mwaka mmoja. Wamempeleka manispaa, idara ya mipango."

"Sasa si ndiyo kazi hiyo?"

"Si kazi. Anajifunza kazi huku anaifanya."

"Analipwa?"

"Posho."

Bobini akaweka mkasi chini. "Mwenzangu, mtu anaamka alfajiri, anavaa viatu vya kufunga, anarudi jioni hoi, halafu mnasema si kazi. Basi na mimi niko kwenye mpango."

Nilikasirika, lakini nikameza. Kusema kweli hata mimi sikuelewa. Nilimuuliza binti zaidi ya mara moja, na kila mara alinijibu taratibu, kwa ile sauti wanayofundishwa chuoni ya kumwelewesha mtu mpaka ajione mjinga.

Nilichoelewa ni hiki. Kila kijana wa mpango hupewa mlezi, yaani mkubwa wa kumwongoza, na mlezi humpa swali moja la kulifanyia kazi. Mlezi wa binti yangu, Bwana Mipango, alimpa swali letu. Manispaa ilikuwa imejenga jengo nyuma ya maduka, na ghorofa ya tatu ilikuwa tupu. Walitaka washonaji wa kibarazani tuhamie huko juu ili watembea kwa miguu wapate njia. Binti atuulize, apime, kisha aishauri kamati.

Yaani mtoto niliyemlaza chini ya meza ndiye atakayesema meza iondoke au ibaki.

"Waambie hatutoki," nilimwambia.

"Mama, siendi kusema ninachotaka mimi. Nitasema mtakachosema nyinyi."

"Basi tutasema."

"Haya. Semeni."

Siku ya kuja kutuuliza alivaa gauni la bluu nililomshonea mwenyewe, na mkononi alishika kishikwambi cha ofisi. Akanisalimia kama anavyowasalimia wengine, "Shikamoo, mama," halafu akaniinamia sikioni: "Wewe endelea na kazi yako, tafadhali."

Niambieni, ningeendeleaje? Kibaraza kile nakijua. Bobini aliwahi kumliza mteja mzima mwenye ndevu kwa ajili ya kola. Na mwanangu tangu mdogo ni mpole, akisemwa kidogo anakosa usingizi. Nikachukua kiti chake, nikachukua na kigoda changu, nikatangulia. Kila cherehani tuliyofika nilisema, "Huyu ndiye mwanangu. Mjibuni vizuri." Kisha nikakaa pembeni, kimya. Wala sikuingilia. Nilikaa tu.

Kwa Mzee Pindo binti aliuliza, "Babu, ukihamia ghorofani, kazi yako itaathirika vipi?"

Mzee akamtazama. Akanitazama mimi. "Haitaathirika, mjukuu wangu. Kazi ni kazi."

"Na wateja?"

"Watakuja. Riziki anatoa Mungu."

"Hakuna tatizo lolote unaloliona?"

"Tatizo litoke wapi, na muulizaji ni wewe?"

Binti akaandika. Tukaenda kwa Bobini, nami nimeshakaza roho. Bobini akatabasamu mpaka jino la nyuma. "Andika niko tayari, mwanangu. Andika hata kesho." Mtu anayegombana ukimsogezea ndoo. Nikasema moyoni, kumbe huyu mwanamke ana utu.

Zamu yangu ilipofika, palikuwa na wateja wawili wamesimama wanasubiri. "Na wewe, mama?" akauliza. Sasa nijibu nini mbele ya watu, kwamba nikipanda juu nitakosa kazi? Nikasema, "Mimi wateja wangu wananifuata popote. Sishoni kwa kubahatisha."

Akanishukuru. Alitushukuru wote. Akaenda.

Baada ya wiki chache tangazo likabandikwa kwenye nguzo, juu ya kichwa cha Mzee Pindo. Lilisema washonaji watahamia ghorofa ya tatu kwa ridhaa yao wenyewe, kama ilivyobainika katika utafiti, na kwamba kamati ikishapitisha, kibaraza kitafungwa.

Sijawahi kuona cherehani zote zimenyamaza kwa pamoja mchana.

"Ridhaa ya nani?" mmoja akauliza.

"Ya binti wa huyu," mwingine akajibu, akininyooshea kidole cha shaba, kile cha kuzuia sindano.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema wa tatu, "na hizo nguo tunazishona wenyewe."

Walicheka, lakini si kicheko cha kunifurahisha. Bobini peke yake hakucheka. Alikuwa anakata uzi. Niligeuka nikamwambia, "Si mlisema ndiyo nyinyi?" Akasema, "Tulisema." Basi. Bobini, neno moja.

Jioni nilimkuta binti anapiga pasi. Sikumpa nafasi ya kuamkia.

"Umetuuza."

"Mama, nilichoandika ni mlichosema. Kila mmoja alisema yuko tayari. Hata wewe. Wewe ndiye uliyesema kwa kujidai kuliko wote."

"Walikuwa wanakuheshimu."

"Sikuomba heshima, niliomba majibu."

"Mtu atamwambiaje mtoto wa mwenzake hapana, na mama yake amekaa pale pale?"

Akasimamisha pasi. Nikadhani ataunguza gauni, nikaiondoa mwenyewe.

"Nilikuambia uendelee na kazi yako," akasema polepole. "Mama. Nilikuomba. Na mimi nikaona umekaa na kigoda chako, nikaona haya kukuondoa mbele ya wenzako. Kwa hiyo mimi nilikuonea haya wewe, wao wakakuonea haya wewe, na wewe ukawaonea haya wateja. Huo ndio utafiti wangu."

Alitaka kulia na alitaka kucheka, na vyote viwili vilinitia hasira. Kama alijua hivyo, kwa nini asiniambie pale pale? Nimemlea asinijibu mbele ya watu, ni kweli, lakini siku moja si angenijibu.

Kesho yake alikwenda kwa Bwana Mipango. Aliporudi alinieleza. Kamati inakaa wiki ijayo, na vijana wote wa mpango watasoma kazi zao mbele ya wakuu wa idara. Wanaosoma vizuri ndio wanaofikiriwa kwanza nafasi za kudumu zikitoka. Akiiondoa ripoti ili aanze upya, jina lake litatoka kwenye ratiba.

Hapo ndipo nilipotaka kuikalia ardhi. Nilisubiri zaidi ya mwaka watu waache kuniuliza "bado." Upande mmoja ajira ya mwanangu, upande wa pili kibaraza kilichomsomesha.

"Usiiondoe," nikamwambia.

Nikanywa maji.

"Iondoe."

"Mama."

"Ngoja kwanza. Huwezi kusoma hiyo hiyo, halafu mwishoni ukasema lakini wasihame?"

"Siwezi."

"Kwa nini wasikupe swali la watu wengine? Mji mzima huu, swali ni mama yako?"

"Mama, nimeshaiondoa. Tangu asubuhi."

Sasa ananieleza ya nini, kama ameshaamua? Wasomi hawa. Wanakuacha uvuje jasho lote hilo, kumbe treni imeshaondoka.

Akaweka sharti moja. Anarudi kuwauliza, na siku hiyo nisiwepo.

"Niende wapi? Cherehani yangu iko pale."

"Popote, mama. Hata ng'ambo."

Nikaenda ng'ambo. Nilikaa kwenye benchi la duka la dawa nikiwatazama. Mwenye duka, kijana mwenye koti jeupe, akatoka.

"Mama, unaumwa?"

"Naumwa."

"Wapi?"

"Pale ng'ambo."

Akatazama, hakuona kitu, akaniletea maji.

Magari yalikuwa yanapita, sisikii neno. Naona midomo tu. Safari ile hakuna aliyejibu kwa kifupi. Mzee Pindo alisimama, akashika makalio ya suruali yake kwa mikono miwili, akaanza kunyanyua miguu mmoja mmoja, ameinama, kama anayepanda ngazi za hewa, huku akigeuka nyuma kuangalia nani anamwona. Kibaraza kizima kikaangua kicheko, na mwanangu akajishika tumbo. Baadaye ndiyo nikaambiwa alichokuwa anasema: mtu aliyechanika suruali hapandi ngazi. Anataka fundi aliye karibu na mahali ilipochanikia. Maneno hayo mzee alikuwa nayo tangu mwanzo. Aliyameza kwa sababu yangu.

Bobini ndiye aliyechukua muda mrefu kuliko wote. Alizungumza kwa mikono. Alionyesha juu, akaonyesha barabara, akashika kitambaa cheupe akakipukuta. Kisha akaonyesha cherehani yangu, isiyo na mtu, na akaendelea kusema huku ameielekeza kidole. Nikainuka. Mwenye duka la dawa akasema, "Kaa, mama." Nikakaa. Ananisema nini huyu? Nimemkosea nini?

Binti hakuniambia. Alisema aliwaahidi kutotaja nani amesema nini. Hata mimi, mama yake. Huo nao eti ni utaratibu.

Siku ya kamati aliruhusiwa kusoma mwishoni, baada ya wenye majina kwenye ratiba kumaliza, wakuu wakiwa wanafunga mikoba. Alisema wanaorekebisha nguo za wapita njia wabaki kibarazani, upigwe mstari wa rangi ili watu wapate pa kupita, na wanaoshona nguo mpya wapewe ghorofa kama wanataka wenyewe, kwa kuwa kule kuna umeme na mlango wa kufunga. Kamati ikakubali kujaribu. Kuhusu nafasi ya kudumu, Bwana Mipango alimwambia ataomba kama wengine. Kama wengine. Baada ya yote hayo.

Mimi nikabaki. Kazi yangu kubwa ni kupunguza na kuongeza, nguo za wapita njia tu, kwa hiyo nimo ndani ya mstari. Niliona rangi ikipakwa mbele ya miguu yangu, nikashusha pumzi. Nilipogeuka kulia, Bobini alikuwa anafunga cherehani yake kwa kamba.

"Unakwenda wapi?"

"Juu. Si nilisema hata kesho?"

"Nilidhani ulisema vile kwa kuniheshimu."

"Nilikuheshimu. Na kwenda nilitaka pia." Akakaza fundo. "Miaka yote nashona magauni ya harusi kwenye vumbi la barabara, mwenzangu. Nguo nyeupe. Mvua ikinyesha nazifunika kwa mwili wangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Ulikuwa unaongea wewe."

Bobini ndiye ananiambia hivyo, Bobini huyu huyu. Vijana wakainua cherehani yake na kuondoka nayo, yeye nyuma yao na kapu kichwani. Nikambebea pasi mpaka kwenye ngazi. Akaipokea, akasema, "Panda siku moja unitembelee. Kama hujachanika."

Pale alipokuwa anakaa, sasa pana mraba wa saruji unaong'aa kuliko kwingine. Wateja wake wakija wananiuliza mimi, na mimi nainua mkono kuonyesha juu, kutwa nzima.

Binti amepewa swali jipya. Safari hii ni foleni za zahanati, ile anayofanya usafi dada yangu. Aliniambia asubuhi anakwenda kuanza kuwauliza watu, na akaniomba nisimpigie simu mama mkubwa.

Simu ilikuwa tayari mkononi. Nikaiweka kwenye droo ya cherehani. Nikaitoa. Nikairudisha, nikaegemeza goti kwenye droo, nikaanza kukanyaga.