Risasi ya Kwanza

Watu wanaosingizia bunduki siwapendi. Mchagua jembe si mkulima, na kazi hii ya kutengeneza bunduki imenikutanisha na wachagua jembe wengi. Mzee aliyeingia karakanani kwangu asubuhi ile alikuwa kiboko yao. Mkwewe, mjane wa mwanawe, alimshika mkono kwa sababu ya macho yake mabovu. Bunduki yake ya kuwindia, kuukuu, mzee alikataa kupokewa.

“Inavuta kushoto,” alisema kabla hata ya kuketi. “Ndiyo iliyoniulia mwanangu. Swala alikuwa kulia, kijana kushoto. Mimi nililenga swala.”

Mkwewe alitazama sakafu. Wimbo huo bila shaka aliusikia kila walipokaa kula.

Nilipitisha karatasi kati ya mtutu na mbao inayoubeba, ikakwama. Mbao ilikuwa imevimba upande mmoja. Dawa yake ni kuichonga, kumimina gundi ngumu chini ya chuma na kukilaza upya, ili mtutu usiguswe na kitu.

“Si nilisema?” mzee alinawiri. “Basi ilaze vizuri.”

“Ipige kwanza, fundi,” mkwewe alisema.

Ndiyo desturi yangu hata hivyo. Bunduki nisiyoijua inapopiga siichongi.

Nyuma ya karakana niliiegemeza juu ya mifuko ya mchanga, nikapiga tano mfululizo. Tukaenda wote watatu kuitazama karatasi ya shabaha. Mbili za kwanza zilikuwa katikati, ya tatu imeanza kutoroka, na ya tano imekwenda kushoto kiasi cha kiganja. Mzee aliyapapasa matundu kwa kidole.

“Kushoto!” Machozi yalimtoka. “Miaka yote hii mnanitazama kama muuaji.”

Hata mimi nilimhurumia kidogo. Mkwewe hakumhurumia.

“Ya kwanza ilikwenda wapi, fundi?”

Ningeweza kunyamaza. Sikutaka, nilikuwa nimechoka kusikia chuma kikitukanwa.

“Katikati. Mtutu ukiwa baridi inapiga sawasawa. Ukipata moto ndipo mbao inausukuma.”

“Baba,” alimwuliza taratibu, kama mtu anayemwuliza mgonjwa kama amekunywa dawa, “siku ile ulipiga risasi ngapi?”

Mzee alijifuta macho kwa mkono wa shati.

“Moja.”

Kisha akainua kidevu.

“Basi ni yeye aliyesogea. Mumeo hakuwa msikivu tangu utotoni. Nilimwambia akae palepale.”

Mjane aliuachia mkono wake. Nilidhani atampiga, na nisingemzuia. Badala yake aliichukua bunduki mifukoni, nami nikimfuata, akairudisha ndani na kuilaza mezani kwangu polepole. Mzee alibaki nje akipapasa hewa, akimwita.

“Itengeneze, fundi,” mjane alisema. “Isibaki na kasoro hata moja. Nitaitundika mbele ya kitanda chake.”