Abiria Wawili wa Sefu

Asubuhi ya kesi, washtakiwa walioingizwa ukumbini Gitega walikuwa wawili: Sefu wa Giteranyi na baiskeli yake. Baiskeli iliegemezwa ukutani kwa heshima zote. Sefu alisimamishwa katikati, mikono imefungwa nyuma kwa mpira ule ule aliozoea kufungia mizigo ya watu, na vidole vilikwisha kufa ganzi. Mguu mmoja ulikuwa na ndala. Ndala ya pili ilibaki Muyinga, pale walipomkamatia.

Hata hivyo hakuwa na hofu kubwa. Alikwisha kumwona mwenyekiti wa tume iliyosikiliza kesi.

Kwa habari ya majaribio ya mapinduzi, Sefu alikuwa na elimu ambayo maprofesa wangeionea wivu, kwani alikuwa amebeba mawili kwenye karia moja. La kwanza, miaka sita iliyopita, lilikuwa zito. Lilidumu saa tisa redioni, kisha kiongozi wa jaribio hilo, Kanali mnene, akatokea Giteranyi amejitanda kitenge na kilemba, akapanda baiskeli upandeupande kama bibi harusi. Njiani mguu wake wa kushoto ukanaswa kwenye spoku. Sefu alichana shati lake akamfunga jeraha. "Siku nikirudi, sitakusahau," Kanali alisema akilia, akavuka kijito kuingia Tanzania.

Jaribio la pili, la mwaka huu, lilikuwa jepesi: Meja mwembamba katika kanzu ya padri, aliyesinzia njia nzima. Vinginevyo yalifanana. Wakubwa wote wawili walifika salama. Askari wao, vijana wa miaka kumi na tisa, walibaki wamelazwa kando ya barabara.

Kanali alirudi kwa msamaha, akapewa cheo na gari. Sasa ndiye aliyekaa mbele, miwani puani, akiwahukumu waliomsaidia Meja kukimbia.

"We Sefu, usijidanganye," Bahizire alikuwa amemwambia mahabusu alfajiri. Bahizire alikuwa mwuza vitenge kutoka Kivu Kusini, aliyekamatwa kwa kosa la kumiliki redio kubwa. "Mukubwa akikimbia, kwanza wanamuandikia barua. Halafu wanamutafutia hoteli ya mazungumzo. Donc, basi, kesi yake inangoja. We hauna hoteli. We iko hapa, mikono yako iko hapa. Kesi yako itaisha mbele ya chakula ya saa sita."

"Mi iko na mutu."

"Mutu gani?"

"Nilimubeba," Sefu alijibu, akatabasamu.

Sasa mwenyekiti aliuliza bila kuinua uso. "Wewe ndiye Sefu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Sefu wa kinga, hii baiskeli. Sefu wa Giteranyi." Alilivuta lile jina la mwisho taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

"Ulimbeba adui wa taifa."

"Nilibeba abiria, Mheshimiwa. Mi siulizaka abiria anakimbia nini. Hata zamani sikuuliza."

Kadidja, mkewe, aliyekuwa amelala kwa shangazi yake, mtaani Musinzira, ili awahi kesi, alikohoa kwa nguvu. Sefu hakumsikia. Alikuwa anangoja uso ule uinuke.

Uliinuka. Macho yalimpita kana kwamba yeye ni dirisha.

"Usituchezee. Ulimpitisha nyuma ya migomba, ukakata katikati ya kahawa, ukamvusha penye magogo mawili, lile la kushoto limeoza."

Karani aliandika mbio, kisha akasita, akapekua dosie. "Samahani, Mheshimiwa. Hayo magogo yako ukurasa gani? Siyaoni."

"Andika."

Sefu alihesabu miaka. Magogo yale yalisombwa na mafuriko miaka mitatu iliyopita. Meja alivuka majini, kanzu mkononi. Basi mtu wake hakusahau. Hata gogo lililooza hakulisahau.

"Mheshimiwa, ile magogo—"

"Miaka kumi na mitano," mwenyekiti alisema, akafunga dosie.

Ilikuwa saa tano na robo. Chakula kilikuwa bado jikoni.

"Na yeye mwenyewe?" Kadidja alisimama, sauti ikimpasuka. "Mwenye mapinduzi yake? Meja?"

"Suala la Meja linahitaji hekima, mama," mwenyekiti alijibu kwa upole. "Mazungumzo yanaendelea. Tusiharakishe."

Alishuka jukwaani akichechemea mguu wa kushoto. Alimpita Sefu, akaenda kusimama mbele ya baiskeli. Akabinya tairi la nyuma kwa vidole viwili. Akaikandamiza karia kwa kiganja, mara mbili, kuona kama bado inahimili.

"Hii imetaifishwa," alimwambia askari. "Tairi limepungua pumzi. Lijazwe, mnyororo utiwe mafuta, ipelekwe nyumbani kwangu."

"Na mpira wa kufungia mizigo, Mheshimiwa?"

Mwenyekiti alifikiri kidogo.

"Na mpira pia."

Askari akamfungua Sefu mikono, akaufunga mpira kwenye karia, akaukaza vizuri, ndipo akaanza kutafuta pingu.