Kishindo Kimoja Zaidi

Kila asubuhi, kahawa ikichemka, Delphine Marchbanks alivaa viatu vyake vya dansi, vile vyenye vibati vya chuma kwenye soli, akacheza hatua nane kwenye sakafu ya jikoni. Alikuwa na miaka sabini na minane, na magoti yake yalianza kulalamika tangu kitandani, lakini hatua nane hazikumshinda. Ta-ka-ta, ta-ka-ta, kisha kimya, kisha kahawa.

Jumanne hiyo alimaliza hatua ya nane, akasimama. Nyuma yake kikasikika kishindo kimoja zaidi.

Hakugeuka. Alikijua. Kwa miaka kumi na mmoja, katika kumbi za Dayton na Toledo, Delphine alicheza mbele ya pazia jeupe, na nyuma ya pazia, taa ikimmulika, Oleta Grimes alicheza kama kivuli chake. Watu waliamini ni kivuli cha kweli mpaka mwisho, pale Delphine aliposimama na kivuli kikagonga mara moja zaidi, kama mtoto mkaidi. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Kwenye bango jina la Oleta halikuandikwa hata siku moja. Kivuli kikitajwa jina, mchezo umeharibika. Walikubaliana hivyo wote wawili. Kisha wakaja watu wa televisheni, wakauliza kile kivuli hufanywaje, na Delphine akajibu kwamba ni ufundi wa taa tu. Akaenda New York peke yake. Oleta akabaki Dayton akifua mashuka ya hoteli, na Februari iliyopita akazikwa. Delphine hakwenda.

Saa nne alifika Corinne, msichana wa maktaba, na kinasa sauti chake. Alikuwa akikusanya habari za wasanii wa zamani wa mji, zihifadhiwe. Delphine alikuwa na jibu lake la miaka yote: nilicheza peke yangu.

Corinne alikula biskuti mbili, akaomba achezewe kidogo ili miguu nayo iingie kwenye kanda. Delphine akasingizia magoti.

“Magoti hayohayo yamekuja kunifungulia mlango mbiombio, bibi,” Corinne alisema. “Usinifanye mjinga.”

Basi akacheza. Aliposimama, hakikusikika kitu nyuma yake. Akashusha pumzi, akaketi.

Corinne akarudisha kanda nyuma, wakasikiliza. Ta-ka-ta, ta-ka-ta: jozi mbili za viatu, zikienda sawasawa. Kimya. Halafu kishindo kimoja.

Msichana aliitazama miguu ya Delphine, akautazama mlango wa jikoni, akasema pengine ni mwangwi wa sakafu. Alikwisha shika kalamu. Akauliza kama aandike kwamba alicheza peke yake maisha yake yote.

Ilikuwa rahisi kuitikia kwa kichwa. Lakini jua la dirishani lilikuwa limekitupa kivuli cha Delphine kwenye mlango wa friji, naye akakiona. Yeye alikuwa ameketi. Kivuli kilikuwa kimesimama, kikisubiri.

Akaomba mashine iwashwe tena.

“Tulikuwa wawili,” alisema. “Aliitwa Oleta Grimes. Haikuwa taa, alikuwa yeye. Na kwa kucheza, alinishinda.”